Mtendaji wa kijiji alipa laki tano na kwenda nyumbani: hivi sheria zetu zinamwadhibu kweli mtumishi wa umma?

#1 Ngalawa
Wadau, salaam. Jana nilimsindikiza mama mdogo mahakamani kwenye shauri lake la mirathi. Kabla hatujaitwa ikasomwa hukumu ya mtendaji wa kijiji mmoja. Alinaswa kwa mtego, shilingi 80,000 mfukoni, alizomdai kijana aliyetaka barua ya utambulisho. Hakimu akasoma: faini laki tano au jela miaka mitatu.

Mkewe alikuwa benchi la nyuma. Akafungua fundo la kanga pale pale, akaanza kuhesabu, nyingi noti za elfu mbili mbili. Ikapungua elfu arobaini. Mashemeji wakatoka nje kuchangishana chini ya mwembe, wakarudi, karani akawapa namba ya malipo, kijana mmoja akakimbia kwa wakala. Saa nane mchana mtendaji yuko nje, amesimama juani, hamtazami mtu.

Nimelala na jambo hili. Huyu kaadhibiwa au kaponyoka? Na kama kaadhibiwa, mbona mawaziri wa zamani wawili waliotiwa hatiani mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2015 kwa hasara ya mabilioni waliishia kufagia hospitali? Wenye kuijua sheria ya Tanzania naomba mnieleweshe. Kinachopima adhabu ni nini hasa: cheo, kiasi cha fedha, au kitu kingine?

#2 Shangazi Kuu
Kinachokosekana ni viboko, mwanangu. Mwalimu Nyerere aliweka sheria mwaka 1963, mla rushwa anakwenda jela miaka miwili na viboko 24 juu yake: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka. Vile vya kutoka, Mwalimu mwenyewe alieleza, ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Baba yangu alikuwa polisi enzi hizo. Alituambia watu waliogopa vile 12 vya mwisho kuliko miaka miwili yenyewe, maana unahesabu siku za kutoka huku unajua kinachokungoja mlangoni.

#3 Wakili Kijana
Shikamoo Shangazi. Historia uko sahihi, ila sheria ile iliandikwa upya 1972 na viboko vikaondolewa. Vilirudi baadaye kwa makosa kama unyang'anyi, si kwa rushwa.

Ngalawa, mtendaji wako alishtakiwa kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Faini yake haipungui laki tano wala haizidi milioni moja, au kifungo cha miaka mitatu hadi mitano, au vyote viwili. Hakimu kamchagulia ngazi ya chini kabisa. Hakukosea, sheria imemruhusu.

Sasa soma kifungu cha 31 cha sheria hiyo hiyo, matumizi mabaya ya madaraka. Faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Hakuna kiwango cha chini kabisa. Yaani aliyepokea elfu themanini ana sakafu, asishuke chini yake. Aliyetumia saini yake kumnufaisha rafiki kwa mabilioni hana sakafu.

#4 Jembe la Mkono
Hapo hapo mkuu #3! Huku kwetu mtu akiiba mbuzi wa jirani anaweza kufungwa hadi miaka 15. Wizi wa mifugo upo kwenye Kanuni ya Adhabu, nilimsikia hakimu kwa masikio yangu akimsomea mtoto wa kaka yangu. Mbuzi mmoja! Anayeharibu mradi wa maji wa kata nzima, mwisho wake miaka mitatu. Tunaona sawa?

#5 Chumvi Nyingi
Pole kwa familia, Jembe. Ni kifungu cha 268, na 15 ni ukomo wa juu, si lazima afike huko. Halafu niwarekebishe mapema wale wa "mwizi wa kuku": kuku hayumo kwenye kifungu hicho. Wamo ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda na jamaa zao. Uzi ukifika ukurasa wa pili kuku watakuwa wamejaa humu, nawajua.

#6 Karani Mstaafu
Nimefanya kazi halmashauri miaka 31. Mnaangalia adhabu ya mahakama peke yake, ndiyo maana mnaona ndogo. Nina mfano wa mhasibu niliyekaa naye ofisi moja, meza yake na yangu zinagusana. Alishtakiwa kwa malipo hewa. Akasimamishwa kazi, anapokea nusu mshahara. Kesi ikaahirishwa, mara upelelezi haujakamilika, mara shahidi kahamia mkoa mwingine, mara hakimu yuko likizo. Miaka sita! Alikuwa anakuja ofisini mwisho wa mwezi kuuliza kama nusu imeingia, na hakuwa anakaa. Anasimama mlangoni, kofia mkononi. Mtoto wake wa pili aliacha shule ya bweni. Mwishowe akaachiwa huru, hana hatia.

Niambieni, yule aliadhibiwa miaka mingapi? Na aliadhibiwa kwa kosa gani?

#7 Ngalawa
#6 umenigusa, mzee wangu. Sikuwa nimefikiria kwamba asiye na hatia anaweza kutumikia muda mrefu kuliko mwenye hatia. Ila swali la mawaziri bado.

#8 Mtaa wa Pili
Mawaziri unaowasema ni Mramba wa Fedha na Yona wa Nishati na Madini. Walifungwa miaka mitano wakatolewa kwa msamaha wa Rais. Wenye nchi wana nchi yao, ndugu.

#9 Wakili Kijana
Hapana, #8, tusipotoshe. Walifikishwa Kisutu Novemba 2008 kwa misamaha ya kodi iliyopewa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu, hasara ikitajwa kuwa shilingi bilioni 11.7. Hukumu ilisomwa Julai 2015, karibu miaka saba baadaye. Walihukumiwa miaka mitatu, na aliyekuwa katibu mkuu Hazina, Mgonja, akaachiwa huru. Walipokata rufaa Mahakama Kuu ikashusha hadi miaka miwili. Februari 2016 wakabadilishiwa kuwa huduma ya jamii, wakawa wanafanya usafi hospitali ya Sinza Palestina. Hakukuwa na msamaha wa Rais. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu yeyote mwenye kifungo kisichozidi miaka mitatu.

Na kwa nini miwili? Makosa yao yalitendeka kabla ya sheria ya 2007, kwa hiyo yalikuwa chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu. Kosa hilo kwa sura yake ya kawaida halikuwekewa adhabu maalumu. Kosa la aina hiyo likikosa adhabu yake, kifungu cha 35 kinasema ukomo ni miaka miwili. Liyumba wa Benki Kuu naye 2010 alipata miaka miwili kwa kosa hilo hilo, kwenye kesi ya majengo pacha. Watu walipiga kelele kwamba hakimu kamwonea huruma. Kamwonea huruma wapi, alimpa yote yaliyokuwapo.

#10 Mtaa wa Pili
Nimekubali kurekebishwa, asante. Nilikuwa nimechanganya.

#11 Binti wa Kagera
Kwa mtazamo wangu hakimu mnamsumbua bure. Adhabu inaamuliwa siku hati ya mashtaka inapoandikwa. Mfano wake ni Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai. Kwenye kesi iliyompa kifungo hakushtakiwa kama kiongozi aliyetumia vibaya madaraka. Arusha alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na Oktoba 2021 akahukumiwa miaka 30, kwa sababu unyang'anyi huo kiwango cha chini ni 30. Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile, akashinda rufaa. Sizungumzii kama alitenda au hakutenda, mahakama imeshasema. Nazungumzia namba. Mkuu wa wilaya akiandikiwa "madaraka", kifungu cha 31 chenyewe kinasema mitatu. Akiandikiwa "unyang'anyi" anatazamia 30.

Sasa anayeshika kalamu ya kuandika ni nani? Kwa makosa ya sheria ya rushwa, ukitoa kile kifungu cha 15 cha mtendaji wetu, lazima Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali kwa maandishi. Kesi ya elfu themanini inakwenda moja kwa moja. Kesi ya saini kubwa inapita kwenye meza moja kwanza. Mimi naona hapo ndipo penye jibu la Ngalawa.

#12 Wakili Kijana
Binti, hoja yako nzito, ila kibali kina sababu yake. Bila kibali kila mwenye chuki na bosi wake angemfungulia kesi ya madaraka, na yule mhasibu wa #6 wangekuwa elfu. Makosa ya madaraka ni magumu kuthibitisha: lazima uonyeshe alikusudia, alivunja sheria, na alitafuta manufaa yasiyostahili, yake au ya mwingine. Uamuzi mbovu peke yake si jinai.

#13 Jembe la Mkono
Lakini siku hizi si wameongeza? Uhujumu uchumi ni miaka 20 hadi 30, nilisikia redioni.

#14 Wakili Kijana
Ndiyo, marekebisho ya 2016, kwa kesi inayofunguliwa kama ya uhujumu uchumi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ikapata divisheni ya rushwa na uhujumu uchumi. Lakini kwa Mramba na Yona isingegusa, Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumpa mtu adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwapo alipotenda kosa.

#15 Chumvi Nyingi
Na kabla hujaifurahia hiyo 30, Jembe, kumbuka Septemba 2019. Rais Magufuli alishauri watuhumiwa wa uhujumu uchumi wapewe siku saba za kukiri na kurudisha fedha, zikaongezwa saba nyingine. Katika siku saba za kwanza walijitokeza 467, fedha walizokubali kurudisha zaidi ya bilioni 107. Mwaka huo huo makubaliano ya kukiri kosa yakaingizwa rasmi kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.

Wengi walikuwa rumande na mashtaka ya utakatishaji fedha, ambayo hayana dhamana. Mimi nilikuwa naenda magereza ya Segerea na Keko kupeleka chakula kwa ndugu yangu, nimeongea na wengi. Mtu miaka mitatu ndani hajasomewa ushahidi hata mmoja, unamwambia akikiri anatoka wiki hii. Atakiri hata kuzamisha meli. Kwa hiyo adhabu ikiwa kubwa mno haimfikishi mtu kwenye hukumu, inamfikisha mezani kwa mazungumzo. Mwenye fedha anatoka. Asiye nazo anabaki.

#16 Binti wa Kagera
#15 na mtendaji wa Ngalawa ni yale yale. Bila mashemeji chini ya mwembe angekwenda ndani miaka mitatu kwa elfu arobaini iliyopungua.

#17 Mama Zawadi
Habari zenu. Mimi sijui vifungu. Nina kiwanja nilichonunua baada ya mume wangu kufariki. Afisa mmoja wa ardhi, ofisi siitaji, alinizungusha miezi 14. Faili halionekani. Nikienda Jumatatu, mama njoo Alhamisi. Siku moja akaniambia faili linahitaji "miguu". Nikaomba kwa dada yangu, nikatoa. Baadaye nikagundua kiwanja kimeandikwa jina la mtu mwingine, na ramani ya zamani imekatwa kona kwa wembe, kona ile yenye namba yangu. Nililalamika kwa maandishi hadi juu. Mnajua alichofanywa? Akahamishwa wilaya nyingine. Wakaniambia "hatua zimechukuliwa".

Nauliza kwa wanaojua: kuhamishwa ni adhabu ya sheria gani?

#18 Karani Mstaafu
Pole sana mama. Sema ukweli wako, wala usione haya kwamba ulitoa. Kuhamishwa si adhabu popote. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake zina adhabu zinazojulikana: onyo, karipio, kuzuiliwa nyongeza, kupunguzwa mshahara, kushushwa cheo, kufukuzwa kazi. Kila moja ina utaratibu: hati ya mashtaka, siku za kujibu, kamati ya uchunguzi, na haki ya kukata rufaa. Nimekaa kwenye kamati hizo. Ni kazi ndefu, ukikosea hatua moja mtumishi anarudishwa kazini na malimbikizo yake yote. Ndiyo maana wakuu wengi huchagua uhamisho. Ni karatasi moja, sahihi moja, tatizo linakuwa la wilaya nyingine. Nakiri nimeziandika barua hizo kwa mkono wangu, si moja. Leo ninaposoma ya kwako nayafikiria majina ya wilaya tulizowapeleka.

#19 Shangazi Kuu
Karani, Mungu akubariki kwa kusema.

#20 Mtaa wa Pili
Na wakubwa zaidi? Rais hashtakiwi, na tangu 2020 Makamu, Waziri Mkuu, Spika na Jaji Mkuu nao wamewekewa kinga. Sasa sheria inamhusu nani zaidi ya mtendaji?

#21 Wakili Kijana
Tutenganishe. Kinga ya Rais ipo Ibara ya 46: akiwa madarakani hashtakiwi kwa jinai, na akishatoka hashtakiwi kwa aliyoyafanya kama Rais. Ya Juni 2020 ni kitu kingine. Inahusu mashauri ya kikatiba dhidi ya viongozi uliowataja na Naibu Spika: yafunguliwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu, si dhidi yao. Haisemi Waziri Mkuu akiiba hashtakiwi. Mimi siipendi, lakini tuipinge kwa jinsi ilivyo.

#22 Chumvi Nyingi
Nje ya mada kidogo: mnakumbuka kesi ya Balozi Mahalu ya jengo la ubalozi kule Roma? Mwaka 2012 Rais mstaafu Mkapa alikwenda mwenyewe Kisutu kumtolea ushahidi upande wa utetezi. Mahalu akaachiwa. Nilikuwa nasoma gazeti kwenye daladala, abiria wote wakaanza kubishana mpaka kondakta akasahau kudai nauli.

#23 Jembe la Mkono
Chumvi unatupeleka Roma, mbuzi wangu hajapata jibu.

#24 Binti wa Kagera
Kuna chombo hatujakigusa: Baraza la Maadili, chini ya sheria namba 13 ya 1995. Viongozi wanatamka mali zao kila mwisho wa mwaka, na baraza linaweza kupendekeza onyo, kushushwa cheo, kusimamishwa, kufukuzwa, au kumshauri kiongozi ajiuzulu. Sakata la fedha za akaunti ya Escrow ya Tegeta lilipoibuka 2014, baadhi ya vigogo walifikishwa pale. Lakini baraza halifungi mtu. Linapendekeza kwa mamlaka iliyomteua.

#25 Shangazi Kuu
Mimi bado niko kwenye fedheha. Hao mawaziri mnaosema walifagia tu, hebu jiwekeni pale. Mtu alikuwa anasoma bajeti ya taifa bungeni, leo ana fagio uani kwa hospitali ya Sinza, kwa muda wa saa nne kila siku, na wagonjwa wanampita. Picha ilikuwa kwenye kila gazeti. Kwa mtu wa umri ule mimi naona ni nzito kuliko kukaa gereza la Ukonga asikoonekana.

#26 Mama Zawadi
Shangazi, heshima yako iko palepale, lakini fedheha yake hainirudishii kiwanja. Katika yote mliyoandika sijaona mahali ambapo aliyeumizwa anarudishiwa kitu. Faini ya mtendaji imekwenda serikalini. Yule kijana aliyetaka barua, alipata barua?

#27 Wakili Kijana
Mama, mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini mara nyingi haiombwi na mwendesha mashtaka. Na kwa kiwanja usisubiri jinai. Fungua shauri la madai kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila karatasi uliyonayo, na stakabadhi za kununua, toa nakala leo. Na ile ramani iliyokatwa kona, andika tarehe uliyoiona na nani alikuwepo. Nitumie ujumbe binafsi, sitakutoza.

#28 Dada wa Mlimani
Naongeza jambo ambalo wanaume wa uzi huu mmeliruka. Rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo ya 2007: faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Mdogo wangu alirudia somo moja mara mbili kwa sababu alikataa kwenda "kuchukua matokeo" mahali ambapo si ofisini. Alitunza ujumbe wote kwenye simu. Alipokwenda kuripoti aliulizwa alikuwa amevaa nini siku hiyo. Hakurudi tena. Mtu yule bado anafundisha. Mkiniuliza miaka mitatu inatosha au haitoshi, nitawajibu kwamba hakuna hata mmoja niliyemwona akiitumikia.

#29 Karani Mstaafu
Hili ndilo nililotaka lisemwe. Huko nyuma nilikuwa nasema adhabu ndogo, nikasema kubwa mno, sasa nadhani tatizo ni uhakika. Mtumishi anapima nafasi ya kukamatwa. Akijua ni ndogo, hata uandike kunyongwa haogopi.

#30 Jembe la Mkono
Mzee Karani sikubaliani. Mtoto wa kaka yangu naye alijua nafasi ya kukamatwa ni ndogo. Akakamatwa. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na sheria ya kumfikisha kwenye fagio.

#31 Binti wa Kagera
Angepewa kifungo kisichozidi miaka mitatu, Jembe, sheria ya huduma ya jamii ingemhusu naye. Alipewa mingapi? Mliomba?

#32 Jembe la Mkono
Mitano. Hatukujua kama kuna kuomba chochote.

#33 Wakili Kijana
Rufaa ina muda wake lakini unaweza kuomba uongezewe ukiwa na sababu. Nitumie nakala ya hukumu.

#34 Ngalawa
Asanteni wote. Nimerudi mahakamani leo kwa mirathi yetu, nikamkuta karani nikamuuliza swali la Mama Zawadi. Yule kijana hakupata barua. Mtendaji aliyekaimu kamwambia asubiri mhuri mpya, wa zamani umechukuliwa kuwa kielelezo. Ni wiki ya 11 sasa. Barua alikuwa anaitaka kwa ajili ya mkopo wa vijana, na dirisha la maombi limefungwa.

#35 Mama Zawadi
Mwambie aandike tarehe. Zote.